Siku ya Kufungua Ngitili Haimo Kwenye Sheria Ndogo

Karatasi ya sheria ndogo ilikuwa na mihuri mitatu: wa kijiji, wa kata na wa halmashauri ya wilaya. Kurasa saba zimebanwa kwa pini kwenye kona ya juu, na jina la kijiji limejazwa kwa mkono mahali palipoachwa wazi. Nilizisoma chini ya mkwaju, nje ya ofisi ya mtendaji wa kijiji kimoja cha Usukumani, zaidi ya kilomita 600 kutoka baharini. Kwenye orodha ya miti isiyoruhusiwa kukatwa, kati ya mninga na mkongo, palikuwa pameandikwa mikoko.

Mikoko ni kosa la kunakili, na kosa la kunakili hufutwa kwa kalamu. Kilichoniumiza ni kitu ambacho hakikuwamo. Kijiji hicho kina ngitili, tena ya siku nyingi, na katika kurasa zote saba neno ngitili halikutajwa hata mara moja. Kilichotajwa ni "eneo la hifadhi". Na katazo la kwanza kabisa lilisema ni marufuku kuchunga mifugo ndani ya eneo hilo. Sheria iliyotungwa ili kuilinda ngitili imekataza jambo ambalo ngitili ilianzishwa kwa ajili yake.

Kwa msomaji ambaye hakukulia huko, ngitili ni malisho ya akiba. Mvua zikianza, familia au kijiji hufunga sehemu ya ardhi, mifugo isiingie. Nyasi hukua, huchanua, huangusha mbegu, kisha hukauka zikiwa zimesimama. Mipaka mara nyingi ni njia ya miguu, mstari wa minyaa au mti mkubwa unaojulikana na kila mtu. Kiangazi kikikaza, kuanzia Julai au Agosti, malisho ya nje yakiwa yamebaki vumbi, ndipo hufunguliwa. Hata hapo mifugo haiingii yote kwa pamoja. Hutangulia ndama, ng'ombe wanaokamuliwa, waliodhoofika, na maksai ambao mvua ikirudi watatakiwa kuvuta jembe. Kundi kubwa husubiri. Wamasai wana utaratibu wa aina hiyo: alalili, malisho ya akiba ya jamii, na olopololi, malisho ya ndama karibu na boma. Wafugaji wa nchi kavu, kila walipo, wamefika kwenye wazo hilo kwa sababu njaa ya ng'ombe ina msimu wake na msimu huo unajulikana.

Kwa hiyo ngitili ni kalenda kabla ya kuwa eneo. Ukichora ramani yake, ukaweka nguzo za zege kwenye kona nne na kuandika faini, bado hujaandika inafungwa lini, inafunguliwa lini, na nani anatangulia. Bila hayo umebaki na kipande cha ardhi kilichokatazwa. Na kipande cha ardhi kilichokatazwa, katika nchi yenye ng'ombe wengi na mvua chache, hakimalizi miaka mingi.

Haya si ya kubuni mezani. Shinyanga, hukohuko Usukumani, ilikuwa nchi ya miti. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka maeneo makubwa ya pori ili kuwaondoa mbung'o. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa wadudu hao Tanganyika, alifanya kazi yake hukohuko Shinyanga. Ikaja pamba, ikataka mashamba. Kuanzia 1947 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Usukuma pamoja na kanuni zake: kupunguza mifugo kwa lazima, kulima kwa matuta ya namna fulani, adhabu kwa asiyetii. Kanuni nyingine kati ya hizo zilikuwa na hoja nzuri ya kitaalamu. Watu walizichukia kwa sababu ziliwafikia kama amri, na chuki hiyo ilikuwa sehemu ya nguvu iliyoisukuma siasa ya uhuru Usukumani. Kila anayeandika sheria ya hifadhi ya kijiji leo angefaa aikumbuke historia hiyo kabla hajashika kalamu.

Baada ya uhuru yalitokea mawili ambayo hayakuwa na nia mbaya kwa ngitili ila yaliijeruhi. Mwaka 1963 utemi, yaani utawala wa machifu, ulifutwa, na pamoja nao ikaondoka sauti iliyozoeleka kutamka kwamba malisho sasa yamefungwa. Halafu Operesheni Vijiji, mwaka 1974, ikahamisha kaya kuzipeleka kwenye makazi ya pamoja. Mtu aliiacha ngitili yake nyuma. Alikohamia alikuta ardhi ambayo hakujua kaburi la nani liko wapi, sembuse malisho ya nani. Ilipofika miaka ya 1980 watu walikuwa wakiiita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ukaendelea hadi 2004. Ulianza kwa mkazo wa vitalu na miche. Uliposhika kweli ni pale ulipowarudia Wasukuma wenyewe na kuegemea ngitili: funga ardhi, acha visiki vilivyo hai vichipue, linda kwa zamu, fungua kwa msimu. Chini ya vumbi lile mizizi ilikuwa haijafa. Kumbukumbu za mwanzo wa mradi zinataja ngitili za hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800, na karibu nusu ya ngitili hizo zilikuwa za familia, zilizobaki za vijiji na taasisi zake. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta, inayosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Uchambuzi wa kiuchumi uliofuata ulikadiria kwamba kuni, nyasi, dawa, asali, uyoga, matunda pori na fito kutoka ngitili vilikuwa na thamani ya dola 14 hivi kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50.

Nimeitaja takwimu hiyo kwa sababu moja. Mafanikio yale yalipatikana kwa watu kutumia ardhi, na hakuna mahali yalipotokana na kuwafukuza. Karatasi niliyosoma chini ya mkwaju inakwenda njia nyingine.

Imekwendaje huko? Sehemu ya jibu iko kwenye sheria za nchi, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo penye fundo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, isimamie kwa niaba ya wanakijiji, na mambo makubwa yapite kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya 1982, inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu unaijadili, inapita kwenye kata, na baraza la madiwani linaidhinisha. Ni uwezo mkubwa. Kijiji chenye watu elfu mbili kinaweza kuandika kanuni ambayo mahakama ya mwanzo itaitambua.

Ngitili yenyewe lakini ni msitu au ni malisho? Kwa Msukuma swali hilo halina maana. Ni vyote viwili, miti juu, nyasi chini. Ofisini ni maswali ya idara mbili. Ukiiita msitu, unaingia kwenye Sheria ya Misitu, Namba 14 ya 2002, inayoruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, kuusimamia kupitia kamati ya maliasili na kubaki na mapato yake. Ni sheria nzuri, nami naithamini kwa yaliyofanyika Kiteto na Kilwa, ambako vijiji vimesimamia misitu yao. Ila mifano ya sheria ndogo inayozunguka chini yake imeandikwa kwa ajili ya mbao na mkaa, na ndani yake mfugo ni adui. Ukiiita malisho, kuna Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo, Namba 13 ya 2010, ambayo nayo inamtazama ng'ombe na kumsahau mama anayeokota kuni na mganga anayechimba mizizi. Afisa misitu anakuja na rasimu yake, afisa mifugo anakuja na yake. Anayekuja na mradi wenye fedha ndiye rasimu yake hupita.

Simlaumu mtendaji wa kijiji. Hana mwanasheria, mara nyingi hana hata mashine ya kuchapa, na mwanasheria wa halmashauri ya wilaya ana vijiji vingi mezani kwake. Mradi unafungwa mwezi Juni, na katika ripoti ya kufunga pana sehemu ya kujaza idadi ya vijiji vyenye sheria ndogo zilizoidhinishwa. Hapana sehemu ya kujaza kama sheria hizo zinasema lini ndama waingie. Kwa hiyo rasimu inayopatikana haraka ndiyo inayosomwa, mikono inanyooshwa, na mikoko inafika Usukumani.

Tuje kwenye adhabu, maana ndiko sheria hizi zinakotumia wino mwingi. Karatasi ile iliweka faini isiyozidi shilingi 50,000, kiwango ambacho nimekikuta kwenye sheria ndogo nyingi za vijiji. Mtu mwenye ng'ombe 400 akiwaingiza usiku mmoja kwenye ngitili iliyofungwa tangu Novemba, akakamatwa, akalipa yote, amelipa shilingi 125 kwa kila ng'ombe. Hakuna anayeuza nyasi kwa bei hiyo. Kwake faini ni kodi ya malisho, tena ya bei ya kutupa, na alfajiri anaondoka akiwa amemaliza chakula cha ndama wa kijiji kizima. Mama aliyekamatwa na mzigo mmoja wa kuni kichwani naye anadaiwa hiyohiyo 50,000, na kwake fedha hizo ni mbuzi. Sheria ndogo imewaona sawa. Kama faini ingeandikwa kwa kila kichwa cha mfugo, na fidia ya nyasi ikatajwa mbali na faini, mahesabu ya mwenye ng'ombe 400 yangebadilika usiku huohuo. Na kwa kuni, kuna sababu gani ya kutoza? Kuni kavu zilizoanguka zinaweza kuruhusiwa kwa siku mbili za wiki bila kuiumiza ngitili hata kidogo, na wanawake walioruhusiwa kuingia siku hizo ndio watakaokuwa wa kwanza kuona kisiki kibichi kilichokatwa.

Najua wapo wazee, na wapo pia wasomi, wanaosema heri mila ibaki mdomoni: dagashida, baraza la kimila la Wasukuma, ikutane, wazee waseme, sungusungu, walinzi wa jadi, watekeleze. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao, kwa sababu mbili. Kwanza, mila ya mdomoni humbana yule anayeogopa kutengwa. Aliyezaliwa hapo anajua kwamba akikaidi hatapata wa kumsaidia msiba ukimfika, hatapata jirani wa kumwazima maksai. Mchungaji aliyepita na kundi lake kutoka mkoa mwingine, au mwenye leseni ya kuchimba dhahabu, hafungwi na hofu hiyo, na ukimpeleka mahakamani hakimu atauliza iko wapi kanuni iliyovunjwa. Pili, sungusungu waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe waliwasaidia watu kweli, na waliwaumiza watu kweli. Palipotozwa faini bila maandishi, aliyepoteza dume lake hakuwa na pa kukata rufaa, na vikongwe walioitwa wachawi wanajua zaidi yangu. Maandishi yanamlinda mnyonge. Ninachopigania ni maandishi yaandike mila yenyewe.

Na mila yenyewe ina mahali panapotakiwa kunyooshwa wakati wa kuandikwa, hapa sitazunguka. Karibu nusu ya ngitili ni za familia. Mzee akifa, watoto wa kiume hugawana. Ekari kumi na mbili zinakuwa vipande vinne vya ekari tatu, na ekari tatu haziwezi kupumzishwa, kwa hiyo zinalimwa. Mjane anabaki mgeni kwenye malisho aliyoyalinda miaka thelathini. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Sheria ndogo ya ngitili inaweza kukishusha kifungu hicho mpaka kijijini: ngitili ya familia isajiliwe kwa hati miliki ya kimila yenye jina la mume na mke, na ikirithiwa ibaki nzima, warithi wakitumia kwa zamu. Sijaona sheria ndogo hata moja iliyoandika hivyo.

Kuna jambo jingine linalokua kimyakimya. Vijiji vimeanza kukodisha nyasi za ngitili ya pamoja. Halmashauri ya kijiji inatangaza, mwenye uwezo analipa, fedha inaezeka darasa au inanunua madawati. Madawati yanahitajika, sibishi. Lakini ukimkodisha mtu mmoja ngitili nzima mwezi Agosti, umefuta ile kanuni ya ndama kwanza, na kaya yenye ng'ombe wawili wa kulimia itafika Novemba na maksai wasioweza kusimama. Hapo shamba litalimwa kwa jembe la mkono, na mavuno ya mwaka unaofuata yataonyesha. Kijiji kitauza nyasi kijenge darasa, halafu watoto waje darasani na njaa. Kama ni lazima kukodisha, kodi ianze baada ya wiki kadhaa za wanyonge wa kijiji, na kila kaya iwe na kikomo cha vichwa itakavyoingiza. Hilo nalo ni la kuandikwa, pamoja na mahali mapato yatakaposomwa: kwenye mkutano mkuu, kwa sauti, kila robo mwaka.

Mipaka sitaisemea sana. Niseme tu kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 mabaraza ya kata yamebaki na kazi ya kusuluhisha migogoro ya ardhi. Uamuzi uko kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kwa wanakijiji wengi hiyo ni nauli, siku nzima, na pengine kurudi mara nne. Kijiji ambacho ngitili yake haimo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu kinaingia kwenye safari hiyo mikono mitupu.

Siku niliyosoma ile karatasi, mtendaji aliniomba tuandamane naye hadi kwenye ngitili. Ilikuwa Julai, jua limeshapanda. Alituongoza mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa mwangalizi wa eneo hilo kabla ya vijiji, naye amekuwa akiulizwa na watu, kwa heshima tu, bila cheo chochote. Nyasi zilitufika magotini, za rangi ya majani ya tumbaku iliyokaushwa. Mzee alichuma shuke moja, akalisugua kiganjani kwa kidole gumba, akapuliza. Yakaruka makapi. Akachuma jingine hatua kumi mbele, akafanya vilevile, kisha akatuonyesha kiganja: punje tatu ndogo bado zimo.

"Bado," akasema. "Mbegu hazijashuka zote. Mkiingiza ng'ombe sasa, mwakani mtafunga udongo."

Mtendaji alimuuliza, "Sasa babu, hiyo nitaiandikaje kwenye sheria?"

Tulikaa hapohapo kwenye kivuli cha mgunga. Mtendaji alitoa daftari, na mzee akasema polepole huku mtendaji akiandika, akifuta, akiandika tena. Kilichobaki kwenye daftari ni hiki: ngitili ya kijiji itafungwa mvua ya kwanza itakaponyesha; itafunguliwa baada ya mbegu kushuka, kwa siku itakayotamkwa na mkutano mkuu baada ya wazee watatu, mmoja wao mwanamke, kuikagua; wiki tatu za kwanza wataingia ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai, si zaidi ya wanne kwa kaya. Mzee aliomba asomewe tena. Aliposikia "mmoja wao mwanamke" alinyamaza kidogo, akasema mkewe huzijua nyasi kuliko yeye.

Mkutano mkuu wa kijiji uliofuata ulikuwa umepangwa mwezi Septemba. Mtendaji alisema atakiweka kifungu hicho kwenye ajenda, na kile cha mikoko atakifuta.